Kilemba Changu na Jiwe la Pongwe

Nimeona watu wakilipia mambo mengi ya kipuuzi. Nimeona mtu akilipa apigwe picha na chatu. Nimeona mwingine akimlipa mganga amtajie mchawi wake, akatajiwa shangazi yake ambaye alikuwa keshazikwa zamani. Lakini mtu alipe ili aruhusiwe kupanda jiwe, hilo nililiona mwaka jana, na aliyelipa alilipa kwa kilemba changu.

Naitwa Shekhe. Si cheo, ni jina tu nililopewa na babu yangu, na wanaotarajia niwasomee dua huondoka na baiskeli iliyotengenezwa. Nina karakana Nguvumali. Dada yangu Mboni alipofariki aliacha binti mmoja, Hafsa, nikamlea mimi. Mwaka jana Hafsa akaposwa na kijana wa Mabawa aitwaye Mudathir, fundi rangi wa majengo, ambaye ukikutana naye huwezi kusema shati lake mwanzo lilikuwa la rangi gani. Mimi sikumpenda. Ila sijapata kumpenda kijana yeyote anayekuja kuposa, kwa hiyo hilo sikumhesabia kosa.

Sisi tuna mila zetu. Mahari ni ya binti mwenyewe, mkaja ni wa mama aliyebeba mimba, na kilemba ni cha mjomba. Baba yake Hafsa naye hayupo duniani, hivyo anayeozesha ni baba yake mdogo, yuko Pangani, mtu wa kukubali kila kitu, na sina ugomvi naye. Lakini bila kilemba cha mjomba bwana harusi hafunguliwi mlango, na hilo hata huko Pangani wanalijua. Siku hizi kilemba ni fedha ndani ya bahasha, juu yake kitambaa kwa heshima. Mimi sikukitaka kwa njaa. Nilitaka ninunue kilemba cha kweli, cheupe, nikivae siku ya harusi nikae mbele, watu waone kwamba yatima wa Mboni alikuwa na mwenyewe.

Siku ya kuletewa ilipofika nilifunga karakana mapema, nikaoga, nikavaa kanzu. Akaja mshenga wao, Ibrahimu. Huyu Ibrahimu kazi yake ni kupeleka maneno baina ya nyumba mbili, na hajapata kulifikisha neno likiwa na uzito ule ule aliolipokea nao. Ukimwambia "labda", yeye anafikisha "inshallah kesho".

"Shikamoo, mjomba Shekhe."

"Marahaba. Sinia liko wapi?"

"Mjomba, wewe ni mtu mzima, mtu wa busara, mtu ambaye mji huu wote..."

"Ibrahimu, nimeuliza sinia."

Nilikuwa nangoja kilemba cha nguo, naye kaja kunivika cha ukoka. Akakaa, akafuta jasho, akanieleza kwamba kilemba kipo, isipokuwa kimezunguka kidogo. Kuna mashindano ya kupanda miamba yanakuja Pongwe, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Wamekuja watu wa Moshi na Arusha wenye kamba na kofia. Kijana wetu amejiandikisha. Na kujiandikisha kuna kiingilio.

"Kiingilio cha kutazama?"

"Cha kupanda, mjomba. Kutazama ni bure."

Nikamwomba arudie, maana nilidhani masikio yangu yamezeeka kabla yangu. Akarudia.

"Yaani mpira ukichezwa Mkwakwani," nikamwambia, "mimi nalipa mlangoni na mchezaji analipwa. Huko kwenu mchezaji ndiye anayelipa, na mimi nakaa bure namtazama alivyo mjinga?"

"Lakini mshindi anapata fedha, mjomba! Fedha nyingi! Kijana anasema atashinda tu, na kilemba chako kitakuja mara mbili."

Jiwe lile nalijua. Mimi na kaka yangu Sele tulilipanda tangu tukiwa watoto, miguu mitupu, bure kabisa, tukifuata asali. Hakutokea mtu na meza kutuuliza majina. Mungu kaliweka pale hajalizungushia uzio, sasa anakuja mtu na turubai kutoka Arusha, analiwekea bei. Kesho watamtoza mtu kwa kukaa kivulini. Nilimwambia Ibrahimu aondoke mbele yangu, na chai sikumpa.

Jioni ile ile akaja Hafsa. Wenye makosa wao walinyamaza, wakamtuma bibi harusi aje kuwatetea, na jambo hilo peke yake lilitosha kunionyesha ni watu wa namna gani.

"Mjomba, ile hela si ya jiwe," akasema. "Ni ya kamba, na watu wa kushika kamba. Kuna muuguzi pia, na gari la kukimbiza mtu hospitali."

"Sisi tulipanda bure."

"Na mjomba Sele?"

Nyumbani kwangu jina hilo halitajwi ovyo. Sele alianguka kutoka jiwe lile. Mimi nilikuwa chini, nimetandaza shuka la kupokea masega ya asali aliyokuwa akiyadondosha, na badala ya sega akaja yeye, wala hakuangukia shukani. Alikuwa hajaota hata ndevu. Mama yetu tangu siku ile hakuonja asali mpaka anakufa, na ukimletea kikombe cha chai alikinusa kwanza, akauliza kimetiwa nini.

"Sele alianguka kwa ajali yake," nikamwambia Hafsa. "Hilo halihusiani na viingilio vya watu wa Arusha. Sasa sikiliza. Huyo bwana wako ametamba kwamba atashinda, basi ashinde. Akishinda alete kilemba, harusi iwe. Akishindwa, harusi hakuna mpaka nitakapojisikia, nami si mwepesi wa kujisikia."

"Mjomba, kadi zimeshagawiwa."

"Zikusanywe."

Akalia. Niliumia, siwezi kukataa, lakini niliumia nikiwa nimekunja uso, na uso uliokunjwa hauonyeshi mengi. Akasema Mudathir si mtu wa kutamba, hajamsikia hata siku moja akisema atashinda. Nikamjibu kwamba wanaume wana maneno ya kwa wachumba na maneno ya kwa washenga.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi Pongwe. Sikwenda kushangilia. Nilikwenda nimwone akishindwa kwa macho yangu, nirudi na haki yangu mkononi.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Machimboni walikuwa wamesimamisha turubai, spika na bendera za rangi kama uzinduzi wa kisima. Vijana walikuwa wamevaa viatu vidogo kuliko miguu yao, wakitembea kama wamekanyaga misumari, na viatu hivyo eti ndivyo ghali kuliko vyote. Viunoni wamening'iniza vyuma, ukiwasikia wakipita utadhani ni kundi la mbuzi wenye kengele. Na kila mmoja alikuwa na kifuko cha unga mweupe anaochovya mikono isiteleze. Pongwe! Mahali ambapo watu wamechoma chokaa tangu enzi za babu zetu, mpaka kuku wake ni weupe, wao wamebeba unga mweupe mfukoni kutoka mbali, tena wameununua!

Bibi mmoja wa Kibondei aliyekuja na wajukuu zake alinisogelea.

"Baba, hawa waliotoa michango wanakula saa ngapi?"

"Hawali, bibi. Wametoa ili wapande jiwe."

"Na pilau?"

"Hakuna."

Akawatazama tena, mmoja mmoja, kwa huruma kubwa. "Basi wana wazazi kweli hawa?" akasema, akaenda kukaa na wajukuu zake kivulini. Ndiye mtu pekee mwenye akili niliyemkuta pale asubuhi ile.

Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu jina lake Bryson, ameshika kipaza sauti ingawa alikuwa na sauti ya kutosha bila hicho. Akatangaza zawadi. Mshindi wa kwanza atapata kikombe, jozi ya vile viatu vya mateso, na nafasi ya kushiriki mashindano yajayo bila kiingilio.

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikamfuata.

"Kijana, na fedha?"

"Shikamoo mzee. Fedha hakuna. Huu ni mchezo tu, watu wanajifurahisha."

"Mshindi wenu, zawadi yake ni kupanda jiwe lingine?"

"Ndiyo mzee. Bila kulipa." Alisema kwa fahari, kama mtu anayekutajia Makka.

Nikageuka kumtafuta Ibrahimu. Alikuwa nyuma yangu, na ghafla mawingu ya Pongwe yakawa na mambo mengi ya kutazamwa.

"Ibrahimu. Kijana alikwambia kuna fedha?"

"Alisema kuna zawadi, mjomba."

"Na kwamba atashinda?"

"Alisema atajaribu. Sasa mjomba, mshenga anaweza kumpelekea mtu mzima neno kama 'atajaribu'? Si ningekuvunjia heshima?"

Hapo nilikuwa na hasira za kutosha watu wawili. Hata kama angelishinda, kilemba kisingelikuja. Alikuwa amekichukua akijua hakirudi. Mtu anayetamba ni mjinga, unaweza kumsamehe. Lakini huyu hakutamba hata kidogo, alikwenda tu mezani kimya kimya akaweka heshima yangu, akapewa namba ya kubandika mgongoni. Nikaapa moyoni kwamba mlango wa nyumba yangu ataugonga mpaka vidole vivimbe.

Zamu yake ikafika. Nikasogea karibu ili anione vizuri kabla hajapanda, imharibikie, lakini nilimkuta keshaanza kupanda. Chini ya jiwe alikuwa amesimama msichana mfupi wa Moshi, Consolata, ndiye wa kushika kamba ya Mudathir. Kamba ilitoka kiunoni mwa Mudathir, ikapanda mpaka kwenye pete za chuma walizozipigilia kileleni, ikashuka mpaka kiunoni mwa Consolata. Ndiyo kazi yake yote: kusimama na kushika. Nikafikiri, kumbe hata kusimama siku hizi kunalipiwa.

"Binti," nikamwita.

"Shikamoo baba," akasema, bila kugeuza shingo.

Sikuamini. Mimi ni mtu mzima, nimevaa kanzu, nimesimama mkono mmoja kutoka kwake, na mtoto ananiamkia huku ananipa kisogo. Hata walevi wa Nguvumali hugeuka.

"Kwenu mnaamkia wakubwa kwa kisogo?"

"Samahani baba. Siwezi kukutazama sasa hivi," akasema. Macho yake yalikuwa juu, hayapepesi. "Nimeshika mtu."

Jibu hilo lilinikalia vibaya. Nikatazama juu.

Mudathir alikuwa ameshafika pale ambapo jiwe linatoa tumbo. Napajua mahali hapo. Chini yake kidogo kuna ufa, na ndani ya ufa ndimo walimokuwa nyuki. Alikuwa anapanda vizuri, sitamdhulumu. Anapanda polepole, kama mtu aliyezoea kwamba kosa halina wa kulirekebisha. Akanyoosha mkono wa kulia. Mguu wa kushoto ukateleza.

Sikumbuki kilichofuata kwa mpango. Nakumbuka tu kwamba watu walicheka, nikashangaa wanacheka nini, mpaka nilipojitazama. Nilikuwa nimekimbia mpaka chini ya jiwe, nimeinua kanzu yangu kwa mbele, nimeitandaza kwa mikono miwili, suruali ya ndani nje, mbele ya watu wa Pongwe na wageni wao. Nilikuwa nakinga.

Hakudondoka kitu. Kamba ilikaza, Consolata akanyanyuliwa kidogo kutoka ardhini, akarudi chini akakalia uzito wake, na Mudathir akabaki ananing'inia hewani, akizunguka taratibu, hai.

"Nimekushika," Consolata akamwambia kwa sauti ya kawaida tu. Kisha akaanza kumshusha kidogo kidogo, na hakuondoa macho mpaka miguu ya kijana ilipogusa majani. Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama usoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba," akasema upya.

"Marahaba," nikasema. Nikakaa juu ya jiwe dogo, nikaishusha kanzu yangu.

Mudathir akaja. Alikuwa ametoka jasho, goti limechubuka, uso umejaa haya. Alichuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo mjomba. Nimeshindwa."

"Nimeona. Sijapofuka."

"Kilemba nitakilipa. Nimekosa, mjomba, sikupaswa kukigusa. Nilijua kwamba fedha hakuna."

"Sasa ulikitoa kwa nini? Kwa vile viatu?"

Akawa anaukwangua unga mweupe kwenye kucha, na chini yake ilikuwepo rangi, ya buluu na ya kijani, ile isiyotoka.

"Mjomba, mimi kazi yangu ni kupanda," akasema. "Ghorofa zote hizi za Raskazone mnazoziona zimepakwa, napanda mimi. Bosi ananipa ubao na kamba ya katani iliyokwisha kuoza, naifunga mwenyewe, nashuka mwenyewe. Kila siku nikiwa kule juu nawaza, hapa nikiteleza ni basi. Niliposikia huku ukilipa unapewa mtu wa kukushikia, nikasema nami siku moja tu, kabla sijaoa, nipande huku kuna mtu amenishika. Nione kukoje."

"Na kukoje?"

"Sikuogopa, mjomba."

Mwenye kikombe siku hiyo alikuwa Laurenti fulani wa Moshi. Alipewa viatu, akashangiliwa, akaenda zake akapande majiwe mengine ya Mungu bila kulipa. Bado nasema ni upuuzi. Watu wenye akili timamu hawanunui chokaa wakaipeleke Pongwe. Wala sisemi kwamba nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli kwa mkono, sikuweza kuipanda, na njia nzima nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na watoto wawili waliokwenda jiweni na shuka. Nilisema maisha yangu yote kwamba tulipanda bure, na niliyekuwa namwambia alikuwa mama yangu, anayenusa kikombe chake cha chai.

Kesho yake nilimwita Ibrahimu karakanani.

"Peleka neno," nikamwambia, "na ulipeleke kama lilivyo. Ukiongeza hata chumvi nitakukata ulimi kwa koleo la spoku. Kilemba changu nakitaka. Lakini sikitaki kwenye bahasha."

"Unakitaka cha nini, mjomba?"

"Cha kamba. Kamba ile ile wanayotumia wale wapuuzi wa Arusha. Mpya, si ya kuazima. Na vyuma vyake."

Ibrahimu akanitazama, akatafuta namna ya kulipamba neno hilo, hakuiona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalifikisha lilivyo.

Harusi ikasogezwa mbele, ila ikabaki kabla ya mfungo. Mudathir akafanya kazi za ziada, Consolata akamwagizia kamba kutoka Moshi. Siku ya kuletewa, wanawake wa Mabawa walikuja na sinia limefunikwa kitambaa cheupe, vigelegele mpaka mtaa wa pili. Majirani wakajaa mlangoni wapime heshima yangu kwa macho. Nikafunua. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri, nyekundu, nene kama kidole. Vigelegele vikakatika njiani. Nikaipima kwa mkono, nikaivuta kwa nguvu zangu zote za ufundi baiskeli, haikulalamika. Nikaifunika tena, nikamrudishia Ibrahimu sinia lote.

"Mpelekee mwenyewe," nikasema. "Mwambie mjomba amepokea. Na akipanda asipande peke yake. Atafute mtu wa kushika, na huyo mtu asiwe wewe, maana wewe utatazama mawingu."

Siku ya harusi nilikaa mbele nikiwa na kofia yangu ya kila siku. Kilemba sikuwa nacho. Nilisikia minong'ono ya wale wa Pangani: mjomba kadhulumiwa, mjomba kaozesha kwa kofia ya karakanani. Bwana harusi alipogonga, nilifungua mimi mwenyewe, kwa hodi ya kwanza. Hafsa akanitazama kichwani, akaanza kulia tena, safari hii sikukunja uso.

Baadaye baba yake mdogo akanisogelea na sahani yake ya pilau. "Shekhe, yakhe," akaninong'oneza, "kilemba chako kiko wapi?"

"Kiko chumbani kwa bwana harusi, kimekunjwa," nikamwambia. "Jumatatu kinaingia kazini, Raskazone. Kinashika mtu."